Picha Kabla ya Fundi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1851 Tume ya Majengo ya Kihistoria ya Ufaransa iliyatafutia magofu ya nchi yake daftari la namna hiyo. Iliwatuma wapiga picha watano, Baldus, Bayard, Le Gray, Le Secq na Mestral, wazunguke mikoani kupiga picha majengo ya kale, ili ipate kuamua yapi yakarabatiwe.

Kazi haikuwa nyepesi. Huko Arles, kamera ya Baldus haikuweza kuimeza baraza ya watawa wa Saint-Trophime kwa mara moja. Ikambidi aunganishe negativu kadhaa za karatasi hata zikawa picha moja.

Le Gray na Mestral walizipiga picha kuta za Carcassonne, ngome yenye misingi ya Kirumi na minara ya zama za kati, nayo imechakaa. Mwaka 1853 Viollet-le-Duc alianza kuikarabati. Aliiokoa isibomoke, lakini minara kadhaa aliivika mapaa yaliyochongoka ya vigae vya mawe, mtindo wa kaskazini, na wakosoaji wakamlaumu. Mgeni wa leo huyatazama akadhani ndiyo ya asili. Ushahidi wa hali ya awali umo katika picha zile, ambazo Tume haikuzichapisha bali ilizihifadhi kabatini.

Basi, kabla fundi hajaigusa nyumba ya babu, na ipigwe picha. Iandikwe tarehe, na watoto waonyeshwe, isifungiwe kabatini.