AFYA YA JAMAA: Shingo ya Mama na Digrii Zake

Nani asiyewajua mama zetu washukao kutoka milima ya Fizi kwenda soko la Baraka? Kapu la mihogo au kuni liko mgongoni, na kamba yake yapita juu ya paji la uso. Kamba yavuta kichwa nyuma, nayo shingo yajikaza ili kukizuia. Si ajabu basi wengi wakilalamika juu ya shingo.

Mama mmoja wa jamaa yetu alipigwa picha ya eksirei mara mbili katika mwaka mmoja, mahali pawili mbalimbali. Kwanza aliambiwa kwamba mpindo wa shingo yake ni digrii 21. Mara ya pili, digrii 12. Watoto wake wakaingiwa na hofu kuu, wakidhani shingo yaharibika upesi, wakaazimu kuuza mbuzi wawili ili mama apelekwe Bukavu.

Sisi si waganga, lakini kupima pembe ni kazi yetu ya darasani. Tukaomba kuziona zile picha.

Shingo ina pingili saba, nazo kwa kawaida hupinda kidogo kuelekea mbele. Mpimaji huchora mstari chini ya pingili ya pili na mwingine chini ya pingili ya saba, kisha hupima pembe iliyo kati ya mistari hiyo. Njia hii yaitwa kwa jina la Cobb, mganga wa Marekani, aliyeieleza mwaka 1948 kwa ajili ya migongo iliyopinda upande. Wengine huchora mistari yao nyuma ya pingili zile zile mbili. Njia zote mbili ni nzuri, ila hesabu zake hazilingani; mtu asianze na moja akamalizia na nyingine.

Haya, picha zetu. Katika ya kwanza mama alisimama, macho mbele. Katika ya pili aliketi, ameinamisha kichwa, na inamapo kichwa mpindo wapungua. Tena bega lilikuwa limeificha pingili ya saba, na mpimaji akaishia kwenye ya sita! Yaani vilipimwa vitu viwili tofauti, vikapewa jina moja.

Hata picha ikiwa njema, mtu yule yule akipima leo na kesho aweza kupata tofauti ya digrii chache. Wanafunzi, jaribuni: pimeni pembe moja, kila mtu peke yake bila kumchungulia jirani, kisha linganisheni majibu. Ndivyo wachunguzi hodari wafanyavyo, watu wawili wakipima kila mmoja kwa siri. Bila hivyo hawawezi kujua kama mabadiliko yametoka shingoni au penseli ya mpimaji. Jambo hili latuhusu sisi hasa, maana Echarri na Forriol walitangaza mwaka 2002 uchunguzi wa shingo za Wakongo wachukuzi wa kuni, na mwaka 2005 wakaandika tena juu ya namna mbalimbali za mizigo.

Lakini tusidanganyike: wako wenye shingo iliyonyoka wasioumwa kamwe. Bali mtu akifa ganzi mikononi, au miguu ikilegea, aende kwa mganga upesi, digrii ziwe ngapi.

Mama yetu alipigwa picha ya tatu, amesimama, macho mbele, ameshika uzito kila mkono ili mabega yashuke. Pingili zote saba zikaonekana. Watu wawili wakapima mbalimbali: mmoja akapata 19, wa pili 20.

Mbuzi wangali zizini. Kapu la mihogo sasa analichukua mwanawe wa kiume, naye ameanza kulalamika.