Spika Kuukuu Zisiuzwe kwa Kilo Kabla Hazijapimwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni habari ya spika kuukuu zilizomo majumbani mwetu. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Hapa Kibiti, na katika vijiji vya delta ya Rufiji, nimeona mara nyingi spika ikikwaruza siku mbili tu, mwenyewe huiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa ajili ya uzito wa sumaku yake, kisha hujikusuru kununua sabufa mpya. Mimi nasema desturi hii ni hasara, na sababu zangu ni hizi.

Kwetu ni kijijini ndani ya delta, mahali pa kwendewa kwa mashua. Marehemu babu yangu alifanya kazi Dar es Salaam, na alipostaafu alirudi na spika mbili za masanduku ya mbao, kimo chake hufika magotini. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipoikumba Rufiji na Kibiti, maji hayakuzifikia, lakini zilikaa ghalani katika unyevu miezi mingi. Likizo iliyopita tulipoziwasha, moja ilikuwa kimya kabisa, na ya pili ilinguruma kama bati lililolegea.

Baba mdogo akaniambia, "Mwanangu, hayo ni magofu. Kesho nayapeleka yakapimwe kwa kilo."

Nikamjibu, "Baba mdogo, nakuomba unipe wiki mbili tu."

Akacheka, akanipa.

Nilikuwa na sababu. Tunayo kaseti ambayo ndani yake babu anawasimulia wajukuu zake safari za utotoni mwake katika mito ya mikoko. Kaka yangu aliinakili katika simu ili isipotee, na alifanya vema. Lakini babu alikuwa na sauti nzito, na spika ya simu ni ndogo kama ukucha. Haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti za chini. Bibi alipoisikia alisema, "Huyu si babu yenu," akaenda zake jikoni. Neno lile lilinichoma.

Basi nikaanza kazi. Nilihakikisha kwanza kwamba nyaya zote zimetolewa katika redio. Nikalaza sanduku chali, nikafungua skrubu kwa mkono mmoja huku wa pili ukiikinga karatasi ya spika, maana sumaku huvuta bisibisi kwa nguvu na tundu hupatikana mara moja.

Katika ile iliyokuwa kimya niliona kutu ya kijani mahali waya ulipoungwa. Fundi redio mmoja wa hapa Kibiti alikuwa ameniazima multimita yake. Nyuma ya spika pameandikwa ohm 8. Nilipoitenga na nyaya za sandukuni na kuipima, mita ilionyesha 6 na nusu. Hiyo ni dalili njema, kwa kuwa spika ya ohm 8 ikipimwa hivyo huonyesha kati ya 6 na 7 aghalabu. Kama koili ingekuwa imekatika, mita isingeonyesha njia ya umeme hata kidogo. Nikasugua kutu kwa msasa, nikaulehemu waya upya, na spika ikapona. Ugonjwa wake ulikuwa waya usiozidi urefu wa kidole.

Ile ya pili ilikuwa na ugonjwa mwingine. Ukingo wa sponji unaoishika karatasi pembeni ulikuwa umeoza. Nilipougusa ukabaki vidoleni kama masizi. Sponji za namna hiyo huoza kwa joto na unyevu hata kama spika haipigwi, lakini kingo za mpira au za kitambaa hudumu zaidi. Binamu yangu aliniletea ukingo mpya kutoka Kariakoo, baada ya mimi kumpelekea vipimo kamili. Hapo nilikosea kwa pupa yangu: niliubandika upande mmoja umevutwa. Nilipoisukuma karatasi taratibu kwa vidole, pande zote sawasawa, nikasikia koili inasugua sumaku. Ikanibidi kuubandua gundi ingali mbichi na kuanza tena. Mara ya pili ilipanda na kushuka bila mkwaruzo.

Mwisho nilichukua betri moja ya tochi, ya volti 1.5, nikagusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa nukta moja tu. Karatasi za spika zote mbili zilisogea mbele. Jaribio hili lisidharauliwe. Spika mbili zikiungwa kinyume, moja husukuma wakati mwenzake anavuta, na sauti nzito hufifia ingawa kila moja ni nzima.

Jioni ile tuliweka kaseti katika redio kuukuu ya gari inayotumia betri ya volti 12. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni mpaka upande wa kwanza ukaisha. Hakusema kitu. Baba mdogo naye hakutaja kilo tena.

Sasa nirudi kwenye maoni yangu. Kwetu umeme wetu ni wa jua, na kila wati ina thamani. Spika kubwa za zamani, nyingi zake, hutoa sauti ya kutosha kwa nguvu ndogo. Ikiwa spika moja imezidiwa na nyingine kwa desibeli 6, yahitaji nguvu mara nne ili zilingane. Si kila spika kuukuu ina sifa hiyo, wala si kila mpya huikosa. Ndiyo maana nasema zipimwe. Na ikiwa koili imeungua, au mbao za sanduku zimevimba na kumeguka kama mkate, hapo sina ubishi, na iuzwe.

Watasema wengine kwamba kazi ya mwanafunzi ni kitabu. Kweli, lakini spika ni kitabu pia. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani walieleza spika ya koili inayocheza ndani ya sumaku, na mpaka leo spika nyingi hufanya kazi kwa kanuni ile ile. Tunaisoma katika Fizikia, tunaichora, tunapata alama. Kisha tukifika nyumbani tunaiuza kwa kilo!

Kwa hiyo natoa shauri. Walimu wetu wa Fizikia watupe saa moja kila Jumamosi katika maabara, pamoja na multimita moja, betri za tochi na chuma cha kulehemu. Kila mwanafunzi alete spika ya kwao iliyonyamaza, tuikague chini ya macho ya mwalimu. Tusiguse amplifaya za umeme wa nyumba, kwa kuwa hizo zaweza kuua hata zikiwa zimezimwa. Hizo tuwaachie mafundi. Na wazazi wetu tunawaomba wasubiri likizo moja kabla ya kumwita mnunuzi wa chuma.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Huenda mbacha wenyewe umepungukiwa uzi mmoja tu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu