Mkono wa noti usikunje chapati

Kwenye mabanda ya chapati mayai hapa Kakonko, mteja hukaa hatua moja kutoka kwenye kikaango. Kwangu hiyo ni afadhali kuliko hoteli yenye jiko la kufichwa. Basi tazama. Mkono unaopokea noti ndio unaomkunjia mwanao chapati? Homa ya matumbo na minyoo hupita mikononi. Weka pesa mwenyewe kwenye kopo, kisha mwombe mama lishe, kwa adabu, anawe kwa sabuni na maji tiririka. Kibuyu chirizi ni dumu, kamba na kijiti tu. Yai la mtoto liive hadi kiini kigande, hata mkisubiri. Kachumbari iliyokaa wazi tangu asubuhi, mimi huiacha.