Nani Atalala na Mama Hospitali?



Kazi yangu ni cherehani, hapa Mbezi Beach. Bibi harusi akija kupimwa huniuliza kuhusu shela, mkia wa gauni na rangi ya mtandio. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali ambalo natamani ningeliuliza mimi kabla ya nikaha yangu: mzee wa nyumba ile akianza kusahau, nani atalala naye hospitali?

Mama mkwe wangu ana ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka mmoja alilazwa mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Ramadhani. Tulimwambia hana funga, akasahau, akakataa maji mpaka akaishiwa nguvu. Mara ya pili aliteleza chooni usiku akavunjika nyonga. Mara ya tatu alianza ghafla kupiga kelele kwamba kuna watu dirishani. Ndugu wakasema majini, tukasoma kisomo siku mbili. Alipopimwa mkojo ikaonekana ni UTI.

Kisomo ni chetu na hatukiachi. Lakini zile siku mbili zilimuumiza bure, na hilo najilaumu mpaka leo.

Hebu tazameni, dada zangu. Hakuna hata mara moja alipolazwa kwa sababu ya kusahau. Madaktari wanasema wagonjwa hawa hulazwa mara nyingi kuliko wazee wenzao, na yanayowapeleka ni haya haya: kuanguka, UTI, nimonia, kukosa maji. Mgonjwa hawezi kusema "hapa panauma", kwa hiyo wewe unaona ukali tu au usingizi mwingi. Daktari Alois Alzheimer aliueleza ugonjwa huu Ujerumani mwaka 1906, na mpaka leo hauna dawa ya kuuponya. UTI ina dawa. Sakafu inayoteleza inakaushwa.

Na tusiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika Hai, Kilimanjaro, ulikuta karibu wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Hospitali yenyewe nayo ina mtihani wake. Alipolazwa kwa nyonga tuliambiwa muda wa kuona wagonjwa umekwisha, tukaondoka. Usiku akachomoa dripu, asubuhi tukamkuta kafungwa mikono kwa kipande cha khanga. Wauguzi walikuwa wachache, siwasemi vibaya. Nyonga ilitengenezwa, lakini alirudi nyumbani hajui tena jina langu.

Tangu hapo, akilazwa tunaomba ruhusa mtu anayemjua alale naye. Tunabeba miwani yake, khanga yake na dawa zake zote. Nyumbani taa ya chooni haizimwi, na kila adhana ni glasi ya maji. Akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, tunampeleka akapimwe siku hiyo hiyo.

Sasa rai yangu, na najua wengine itawachoma. Mume wangu wako ndugu wanne. Watatu hutuma pesa kwa simu, na pesa hiyo tunashukuru. Lakini pesa haimgeuzi mama kitandani. Aya ya 23 ya Suratul Israa, tunayoisikia kila mawaidha ya wazazi, inawaambia watoto. Wanazuoni wengi wanasema mkwe akimhudumia mama mkwe ni ihsani, ana malipo yake kwa Mola, lakini wajibu wa mwanzo ni wa watoto wenyewe. Nyumba nyingi tumeugeuza: mtoto anatuma, mke wa mtoto anakesha, na akichoka anaitwa hana adabu.

Mimi nampenda mama yule. Ndiye aliyenipa mtaji wa cherehani ya kwanza. Kwa mapenzi hayo hayo nilimwambia mume wangu tugawane usiku, na sasa shemeji zangu wanalala zamu.

Bibi harusi, uliza mapema, kwa heshima, wazazi wake na wako. Si ufidhuli. Mahari yanajadiliwa, na hili lijadiliwe.

Allah awape afya wazazi wetu, na atupe subira sisi tunaowahudumia. Amin.