Mbunge anadaiwa neno kila juma

Jioni katika kata la Cimpunda, mtaa wa Kadutu, redio ndogo inawekwa mlangoni ili watu wa nyumba mbili au tatu wasikie pamoja. Si wote ni wakaaji wa zamani. Kuna jamaa zilizotoka Kalehe wakati vita vilipopita Minova na Nyabibwe, mwanzoni mwa mwaka 2025. Kuna zingine zilizotoka Kabare na Walungu baadaye, wakati risasi zilipolia karibu na mashamba yao. Wengine wanakaa kwa ndugu, wengine wanapanga chumba kimoja watu nane. Wanasikiliza habari za barabara, bei ya unga, na kijiji gani kimelala salama.

Sauti moja haisikiki mara nyingi katika redio hiyo. Ni sauti ya wale waliochaguliwa tarehe 20 Desemba 2023 kusema kwa niaba yao.

Wakati wa kampeni sauti hiyo ilikuwa inasikika kila siku. Magari yalipanda mpaka kwenye vijiji ambako hata pikipiki inasumbuka. Fulana ziligawanywa, pamoja na chumvi, sabuni na vikwembe. Mgombea alijua jina la kila mzee na kila kanisa. Wengi wao walisema wazi kwamba ni watu wa desturi: wanamheshimu Mwami, wanalinda ndoa na jamaa, hawataki mambo mageni yaharibu watoto, na shamba la mababu haliuzwi kwa mtu asiyejulikana. Watu wa kijijini walipiga makofi, sababu wengi wao wanafikiri hivyo hivyo.

Hakuna ubaya mbunge kuwa mtu wa desturi. Bunge la taifa lina viti 500, na kama mawazo ya kijiji hayafiki pale, Kinshasa itaamua peke yake. Ubaya ni kwamba mawazo hayo yalisemwa wakati wa kuomba kura, kisha yakanyamaza. Hakuna aliyemwuliza mheshimiwa desturi hiyo inasema nini leo kwa mjane aliyekimbia na watoto watano.

Katika Bushi, watu wanajua namna za zamani za kupata shamba. Kuna kalinzi, ambapo mtu anampa chifu ng'ombe au zawadi nyingine, naye anapata shamba ambalo watoto wake watarithi. Kuna bwasa, ambayo ni kulima kwa muda mfupi, kisha shamba linarudi kwa mwenyewe. Mara nyingi hakuna karatasi. Ushahidi ni wazee na majirani wanaojua mpaka uko kwenye mti gani. Sasa wazee wamekufa au wamekimbia, majirani wametawanyika, na mti pengine umekatwa kuwa makala. Mwanamke anayerudi atamwonyesha nani mpaka wake?

Tena, kwa desturi ya Bushi, shamba linamfuata mtoto mwanaume. Sheria ya jamaa ya Kongo, ile ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema njia nyingine: watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, na haitofautishi msichana na mvulana. Mjane naye ana haki zake. Katiba katika kifungu cha 34 inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Lakini sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni wa Serikali, na iliahidi kwamba mashamba ya wanavijiji yatapangwa kwa amri ya Rais. Zaidi ya miaka arobaini ilipita bila amri hiyo kutoka.

Hapo ndipo kazi ya mbunge ilipo. Mbunge wa desturi anaweza kusimama katika redio na kusema: "Mimi nafikiri shamba libaki kwa ukoo, na sababu zangu ni hizi." Mwingine atasema sheria imewapa wasichana haki na ifuatwe. Yote mawili yanaweza kusemwa kwa heshima. Mjane wa Cimpunda akisikia, atajua mbunge wake yuko upande gani, na atajua pia sheria inampa nini hata kama mbunge haipendi. Akinyamaza, shemeji ndiye atakayemweleza mjane sheria, na shemeji anataka shamba.

Wengine watasema mbunge hana deni hilo. Katiba, kifungu cha 101, inasema mbunge anawakilisha taifa lote na hawezi kupewa amri na wapiga kura wake. Ni kweli. Katika Kenya, katiba ya mwaka 2010 inawapa wapiga kura haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda wake kwisha. Kongo haina njia hiyo. Mtu akichaguliwa ana miaka mitano. Kwa hiyo kama watu hawawezi kumwondoa, angalau wamsikie. Uhuru wa kufikiri aliopewa mbunge haukumpa uhuru wa kujificha.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 110, inasema mbunge asiyehudhuria zaidi ya robo ya mikutano ya kikao kimoja, bila sababu wala ruhusa, anapoteza kiti chake. Kinshasa imejilinda vizuri. Lakini mbunge anayekosa kijijini miaka yote mitano hapotezi kitu, ila kura, na kura nayo inarudi na chumvi na sabuni.

Vikao vya kawaida ni viwili: kuanzia tarehe 15 Machi mpaka 15 Juni, na tarehe 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Miezi inayobaki, kwa desturi ya Bunge, ni ya kwenda kuona watu na kurudi na ripoti ya shida zao. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, safari hiyo imekuwa ngumu sana. Kiwanja cha ndege cha Kavumu kilifungwa kwa ndege za abiria. Kutoka Kinshasa mpaka hapa ni karibu kilomita 1,500 kwa njia ya anga. Mbunge anayeogopa kuja ana sababu, na ndugu zake waliobaki hapa wana sababu ya kumwomba achunge maneno. Hakuna mtu wa Cimpunda anayeomba mheshimiwa aje kufa.

Wanaomba neno tu, na neno halihitaji ndege. Sauti ya dakika tano inarekodiwa kwa simu Kinshasa asubuhi, na mchana inafika Bukavu, Kabare, Shabunda hata Idjwi, mtu akimrushia mwenzake. Redio za hapa zina mazoea ya miaka mingi ya kufanya kazi na vikundi vya wasikilizaji vijijini. Mtu anaweza kutuma swali bila kutaja jina lake, na katika siku hizi ni vizuri iwe hivyo.

Mambo ya kusema yapo bila kugusa bunduki. Juma hili mbunge aliuliza swali gani? Kifungu cha 138 cha katiba kinampa njia nyingi: swali la mdomo, swali la maandishi, kumwita waziri ajieleze, kuomba tume ya uchunguzi. Alitumia ipi? Sheria gani ilipigiwa kura, na yeye alisema ndiyo au hapana? Aliuliza nini juu ya mabenki yaliyofungwa na mshahara wa mwalimu? Aliuliza nini juu ya watu wa Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, ambako mafuriko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 400, na ambako vita vilifuata kabla watu hawajamaliza kulia? Kama hakuuliza kitu, aseme pia hakuuliza. Watu watamhukumu kwa kweli.

Kivu ya Kusini inajua nguvu ya neno la mbunge katika redio. Januari 2009, askari wa Rwanda walipoingia Kivu ya Kaskazini kwa makubaliano na Serikali, Vital Kamerhe, rais wa Bunge wakati huo na mtu wa jimbo hili, alisema kwenye Redio Okapi kwamba hakuwa amejulishwa. Machi mwaka huo aliacha kiti cha rais wa Bunge. Mtu anaweza kumpenda au kutompenda kwa mambo mengine aliyoyafanya kabla na baadaye. Lakini siku ile wakaaji walijua kiongozi wao anafikiri nini, na walijua neno hilo lilimgharimu. Wazee wa Kadutu bado wanalizungumza.

Ni kweli neno la kila juma litawasumbua wabunge. Anayeshika desturi ataulizwa maswali na wasichana wanaotaka shamba la baba yao. Atakumbushwa kwamba sheria haikubali ndoa chini ya miaka 18, hata kama kijijini mahari imekwisha kupokewa. Ataulizwa kwa nini anamsifu Mwami mbele ya watu, kisha haulizi Serikali habari za usultani uliobaki bila watu. Atajibu mengine vizuri, mengine vibaya. Hivyo ndivyo kazi ilivyo. Mwalimu anajibu kila siku mbele ya watoto, muuguzi anajibu mbele ya wagonjwa, na mama anayeuza ndagala katika soko la Kadutu anajibu mbele ya wateja wake.

Watu waliokimbia wamepoteza mengi: nyumba, mbuzi, mwaka wa shule wa watoto. Wasipoteze tena haki ya kujua nani anasema kwa jina lao na anasema nini. Katika Desemba 2023, watu wa Masisi na Rutshuru hawakuweza kupiga kura sababu ya vita. Watu wa Kabare, Walungu na Kalehe walipiga. Walisimama mstari tangu asubuhi, wengine mpaka usiku, vidole vikatiwa wino. Wino umefutika. Waliochaguliwa bado wana namba za simu, na redio ya Cimpunda bado inawashwa kila jioni, wakati betri zipo.