Nkambo zetu walisema namna gani?

Tunawasikia watoto wetu wakiigiza "watu wa zamani": wanasema Kifaransa kibovu, wanacheka. Kifaransa kile kimo katika kitabu cha picha, Tintin au Congo. Hergé alikichora Brussels, mwaka 1930 na 1931, kwa gazeti la watoto; yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga Kongo. Ndani yake Wakongomani, hata wao kwa wao, wanasema hivyo.

Lakini nkambo zetu, wao kwa wao, walisema Kisanga, Kilunda, Kiluba, na walisema vizuri. Mtoto anayemcheka nkambo, kesho ataona haya kusema lugha ya nyumbani. Jioni hii tumwombe nkambo hadithi moja katika lugha yake. Watoto wasikie wenyewe.