Taarifa za mazingira zifupishwe, vipimo visiguswe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nichangie hoja inayosikika mara kwa mara, kwamba masharti ya kutoa taarifa za uchafuzi yarahisishwe ili wenye migodi, viwanda na makampuni ya mafuta na gesi wapumue. Huko Marekani, mwaka 2025, idara ya serikali ya mazingira ilipendekeza viwanda vingi viondolewe kabisa wajibu wa kutangaza kila mwaka gesi chafu vinazotoa. Hapa kwetu nako Serikali ilitoa mwaka 2018 mpango wa kupunguza mlolongo wa vibali na tozo katika biashara.

Siyapingi yote. Mwenye kituo cha mafuta chenye pampu mbili pale Mugumu hudaiwa cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, amtafute mtaalamu aliyesajiliwa, amlipe, naye aandike kitabu kizima. Huyo apunguziwe. Fomu ya kurasa mbili tatu yatosha kueleza umri wa matangi yake na kama yanavuja.

Lakini mgodi ni jambo jingine, na sisi wa Tarime na wenzetu wa Serengeti, tunaotazamana ng'ambo na ng'ambo ya Mto Mara, tuna sababu ya kusema. Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi kutoka mgodi wa North Mara yaliingia mto Tigithe, ambao humwaga maji yake Mto Mara. Asidi ya namna hiyo si lazima imwagwe na mtu. Mawe yanayochimbuliwa pamoja na dhahabu huwa na salfa. Yakipigwa na hewa na mvua huzaa asidi, nayo huyeyusha metali zilizomo ndani ya mawe hayo. Kazi hiyo yaweza kuendelea miaka mingi hata baada ya dhahabu kwisha. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi huo huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya bwawa la mabaki lililokuwa likivuja, na mwezi Julai ikapiga marufuku kwa muda matumizi ya bwawa hilo. Ng'ombe anayekunywa mtoni hajui lolote la hayo, wala mchungaji wake. Hujulikana kwa vipimo tu.

Tena tukumbuke Machi 2022, samaki walipoelea na maji kugeuka meusi katika Mto Mara upande wa daraja la Kirumi. Kamati ya wataalamu ilieleza kuwa chanzo ni kinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza. Watu wengi hawakukubali, wengine walicheka wazi wazi. Mimi si mkemia, sitawasahihisha wataalamu. Ila mwananchi asiyepata kuona vipimo vya mto vya mwezi uliotangulia, ataaminije vya siku ya msiba?

Kwa hiyo kama ni kurahisisha, arahisishiwe msomaji. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Basi na taarifa hizi ziandikwe kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja kila mwezi: sianidi, aseniki, shaba, salfeti na uchachu wa maji, kiasi kilichopimwa, na pembeni yake kiwango kinachoruhusiwa na sheria. Ubandikwe kwenye ofisi za kata, Nyamongo na ng'ambo Serengeti. Maji yachotwe mbele ya wajumbe wa serikali ya kijiji, na chupa moja iende maabara ya Serikali. Hili la mwisho nalitilia mkazo, maana kwa makubaliano yaliyotangazwa mwaka 2019 Serikali ina hisa asilimia 16 katika mgodi huo, na mwenye hisa anayeshika pia filimbi hana budi kuchezea mahali pa wazi.

Makaratasi mengine, hata yakipunguzwa nusu, sisi hatutalalamika. Wahusika watakapoketi kurekebisha kanuni, nawaomba waanze na ukurasa huo mmoja.

Mkazi wa Nyamongo,
Tarime, Mara.